Uzima wa Daraja: Historia Fupi ya Kuzisikiliza Kamba za Chuma

Mnunuzi wa chungu hakiamini chungu kwa macho peke yake. Hukiinua, hukigonga kwa kidole, kisha husikiliza. Chungu kizima hulia kwa sauti iliyo wazi. Chungu chenye ufa, ujapokuwa ufa wenyewe haujaonekana, hulia kwa sauti iliyofifia. Muuzaji naye hangoji kuelezwa, maana sauti imekwisha sema: bei itashuka, au chungu kitarudishwa mahali pake. Katika tendo hili dogo mna mambo matatu. Kipo chombo kinachogongwa, lipo sikio linalosikiliza, na upo mkono unaokirudisha chungu. Likikosekana moja katika hayo, mnunuzi atakwenda kwake na hasara.

Makala haya yanaeleza jambo hilo hilo katika kazi iliyo kubwa zaidi, yaani jinsi wahandisi walivyojifunza kuyasikiliza madaraja yanayoshikwa kwa kamba za chuma. Huenda msomaji akauliza habari hizi zina nini na jarida la lugha. Zina mambo mawili. La kwanza, madaraja ya namna hii yamekwisha ingia katika nchi zetu, nasi twayavuka. La pili, historia yake yaonyesha kwamba balaa iliyo kubwa haikutokea pale ambapo hapakuwa na maarifa, bali pale ambapo maarifa yaliyokuwapo hayakufika upesi kwenye mkono wa kutenda. Na kupita kwa maarifa kutoka mtu hata mtu ni jambo la lugha.

Kwanza tutazame maneno. Katika vitabu vya Kiingereza kazi hii hutajwa kwa neno lililoazimwa hospitalini: daraja lina afya, na afya hiyo huchunguzwa kama daktari achunguzavyo mgonjwa. Kulifuata neno hilo si kosa, lakini Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi, nalo ni uzima. Mgonjwa aliyepona twasema ni mzima. Mtumbwi uliopita katika dhoruba pasipo kuvunjika twasema umefika mzima. Siku isiyopunguzwa kitu ni siku nzima. Lugha yetu haikuona haja ya kuitenga hali ya mwili na hali ya umbo. Kwa hiyo nitasema uzima wa daraja, wala sitakuwa nimesema kwa mfano. Chombo kinachopima kimekwisha pata jina la kihisi, nami nitalitumia jina hilo. Lakini kazi nzima nitaiita kusikia, kwa sababu itakayoonekana mwishoni.

Daraja la kamba ni rahisi kuelezwa kwa mtu aliyepata kusafiri katika jahazi. Mlingoti hausimami kwa nguvu zake tu. Hushikwa kwa kamba zinazoshuka kutoka juu hata ubavuni mwa chombo. Katika daraja, mnara hushika mahali pa mlingoti, na kamba hushuka mshazari kutoka mnarani hata kwenye sakafu ya njia, zikaiinua sakafu hiyo isilemee katikati ya maji. Hivyo daraja hili si lile daraja la kuning'inia, ambalo kamba zake kubwa hulegea kama pembea kutoka mnara hata mnara. Hapa kila kamba imenyooka, na kila moja ina fungu lake la mzigo.

Wazo hili ni la zamani, na mwanzo wake ulikuwa wa msiba. Mwaka 1817 daraja la waendao kwa miguu, lililoshikwa kwa kamba za mshazari, lilijengwa juu ya mto Tweed penye Dryburgh, katika Uskoti. Mwanzoni mwa mwaka 1818 tufani ikaliangusha. Mwaka 1825 likaanguka daraja la minyororo la Nienburg, juu ya mto Saale katika Ujerumani, lilipokuwa limejaa watu waliokusanyika kwa sherehe, na wengi wao wakafa. Baada ya mambo hayo wahandisi wa Ulaya waliligeukia daraja la kuning'inia, na lile la mshazari likakaa nyuma kwa zaidi ya miaka 100. Yafaa kulikumbuka jambo hili. Daraja la kamba halikuachwa kwa kuwa lilikuwa dhaifu kwa asili yake. Liliachwa kwa kuwa aliyelijenga hakuwa na njia ya kujua kila mnyororo unavuta kiasi gani. Mnyororo mmoja ukilegea, mzigo wake huhamia kwa jirani, naye fundi aliye chini hana habari.

Lilirudi baada ya Vita Kuu ya Pili. Madaraja mengi ya mto Rhine yalikuwa yamevunjwa, chuma kilikuwa haba, na daraja la mshazari lilitaka chuma kidogo kuliko mengine. Hesabu nazo zilikuwa zimeendelea. Mwaka 1955 lilimalizika daraja la Strömsund katika Uswidi, lililobuniwa na Mjerumani Franz Dischinger, lenye mwanya wa mita zipatazo 182 kati ya minara yake. Mwaka 1957 likafuata la Düsseldorf, mita 260. Tangu hapo urefu ulizidi kuongezeka, hata mwaka 2008 daraja la Sutong katika China likapita mita 1,000 kati ya mnara na mnara.

Lakini kamba ya chuma si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa nyaya nyembamba nyingi zilizofungwa pamoja, na adui wake ni kutu. Maji huingia juu, hutiririka ndani kwa ndani, kisha hukaa chini penye mshikio, mahali ambapo jicho halifiki. Daraja la Köhlbrand katika bandari ya Hamburg lilifunguliwa mwaka 1974; miaka michache tu baadaye kamba zake zote 88 zilibadilishwa kwa sababu ya kutu. Kule Maracaibo, Venezuela, daraja lililofunguliwa mwaka 1962 lilikatika kamba mwaka 1979, na kamba zake zikalazimika kubadilishwa. Mafundi wakaelewa kwamba daraja la kamba halitunzwi kwa kutazamwa na kupakwa rangi tu.

Mhandisi wa daraja la Maracaibo alikuwa Mwitaliano Riccardo Morandi. Alikuwa mtu wa fikira nyingi, naye alipenda zege kuliko chuma kitupu. Katika daraja la Polcevera mjini Genoa, lililofunguliwa mwezi wa Septemba 1967, alizifunika kamba kwa ganda la zege. Aliona kwamba ganda hilo litazuia maji na hewa, na daraja litakuwa imara zaidi. Kila moja ya minara mitatu mikubwa, yaani nguzo za 9, 10 na 11, ilishikwa kwa viungo vinne tu vya namna hiyo. Daraja lilisifiwa kwa uzuri wake.

Siri ya hatari ilikuwa katika mambo mawili. La kwanza ni uchache wa viungo. Penye kamba nyingi, moja ikikatika nyingine hubeba. Penye viungo vinne, kimoja kikikatika hapana wa kubeba. La pili ni lile ganda. Zege hupata nyufa ndogo ndogo, na Genoa ni mji wa bahari, wenye upepo wa chumvi na moshi wa viwanda. Chumvi iliingia, na ganda lililokusudiwa kuwa ngao likawa pazia. Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini methali hiyo inadhani kwamba ufa unaonekana. Yule aliyetembea chini ya daraja la Polcevera aliona zege, hakuona chuma.

Morandi mwenyewe hakunyamaza. Mwaka 1979 aliandika juu ya kuharibika kwa daraja lake kwa hewa ya bahari, akataka litunzwe daima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nguzo ya 11 ilikutwa imeharibika sana upande wa juu, ikaongezewa kamba mpya za chuma nje ya zege. Nguzo ya 10 ilipata marekebisho kidogo. Nguzo ya 9 iliachwa kama ilivyokuwa.

Hapa yatupasa kuiacha Genoa kidogo, tuone ni kwa njia gani mtu aweza kulijua jambo lililofichwa ndani ya kamba. Njia kubwa ni ile ya mnunuzi wa chungu. Mwaka 1636 padri Mfaransa Marin Mersenne alichapisha kanuni ya nyuzi za ala za muziki: uzi ukiwa wa urefu ule ule, mkazo ukizidishwa mara 4, mitetemo huzidi mara 2. Mpiga udi wa taarabu huijua kanuni hii kwa vidole vyake, maana hukaza uzi hata sauti ipande. Kamba ya daraja nayo ni uzi mkubwa. Upepo na magari huitikisa, nayo hutetema kwa idadi yake ya mitetemo kila sekunde. Kihisi kinachopima mtikisiko hufungwa juu yake, idadi huhesabiwa, na mhandisi, akiisha kutoa hesabu ya uzito wa kamba na ugumu wake, hujua mkazo uliomo. Idadi ikishuka mwaka hata mwaka, kamba inalegea au inapungua.

Vihisi vingine vina njia zake. Mwaka 1938 Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja pasipo kumjua mwenziwe, walibuni kipimo cha waya mwembamba unaogandishwa juu ya chuma. Chuma kikivutika, waya nao huvutika, na umeme hupita ndani yake kwa shida zaidi. Tofauti hiyo husomwa. Siku hizi hutumiwa pia uzi wa kioo unaopitisha mwanga, ambao ukivutwa huubadilisha kidogo mwanga unaorudi. Viko vihisi vya kusikia mlio wa waya mmoja unaokatika ndani ya kamba: mlio hufika kwenye kihisi kimoja kabla ya kingine, na kwa tofauti hiyo ya wakati hujulikana mahali ulipokatika. Viko vya kupima upepo, joto, na kuhama kwa minara. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Hong Kong ilipofungua madaraja yake ya Tsing Ma, Kap Shui Mun na Ting Kau, yalifungwa mamia ya vihisi tangu mwanzo. Na daraja la Stonecutters, lililofunguliwa mwaka 2009, lilipewa zaidi ya 1,500.

Vihisi hivyo vimefunza mambo ambayo hesabu peke yake haikuyatabiri. Huko Japani, katika miaka ya 1980, kamba za daraja la Meikonishi zilizokuwa zikitulia katika upepo mkavu zilionekana kutikisika kwa nguvu upepo ulipokuja na mvua. Sababu ilikuwa ndogo mno: kijito chembamba cha maji kilichotiririka juu ya kamba kililibadilisha umbo lake mbele ya upepo. Tangu hapo maganda ya kamba hutiwa mifuo au vishimo vidogo ili kijito kisijitengeneze.

Walakini kusikiliza kuna mitego yake. Daraja huishi katika hewa. Mchana hurefuka kwa joto, usiku hujikunja, nalo hupata mzigo asubuhi na kupumzika usiku wa manane. Kati ya mwaka 1997 na 1998, katika Uswisi, daraja moja la zege lililokuwa likingoja kubomolewa, lijulikanalo kwa jina la Z24, lilipimwa karibu mwaka mzima, kisha likaharibiwa makusudi hatua kwa hatua huku vihisi vikisoma. Ikaonekana kwamba wakati wa barafu lami ilikuwa ngumu, na daraja zima likatetema kwa idadi kubwa kuliko kawaida. Badiliko lililoletwa na baridi liliweza kulificha badiliko lililoletwa na uharibifu. Kwa hiyo haitoshi kupima mara moja. Mama humjua mtoto mwenye homa kwa kuwa anajua joto lake la kila siku. Na daraja nalo lahitaji kujulikana lingali zima, ili siku litakapougua pawe na kipimo cha kulinganisha.

Sasa turudi Genoa. Mwaka 2017 wataalamu wa chuo kikuu cha ufundi cha Milan waliipima mitetemo ya viungo vya daraja la Polcevera. Viungo vya nguzo ya 9 havikutetema jinsi vilivyotazamiwa. Wataalamu waliandika hivyo, wakashauri uchunguzi zaidi na vihisi vya kudumu. Mpango wa kuzitia nguvu nguzo za 9 na 10 nao ulikuwa umekwisha andikwa; kazi yenyewe ilikuwa bado. Tarehe 14 Agosti 2018, siku moja kabla ya sikukuu kubwa ya kiangazi ya Waitaliano, saa tano na nusu ya asubuhi ikiwa imepita kwa dakika chache, katika mvua kubwa, nguzo ya 9 ilianguka pamoja na njia iliyokuwa juu yake. Watu 43 walikufa. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walisema baadaye kwamba asili ya anguko ilikuwa kutu iliyozila nyaya upande wa juu wa kiungo cha kusini cha nguzo hiyo. Nani mwenye kosa ni jambo la mahakama, na kesi ilianza kusikilizwa mwaka 2022. Si kazi ya makala haya kuhukumu.

Lakini mwanafunzi wa lugha haachi kuliona jambo moja. Chungu kilikuwa kimegongwa, nacho kikatoa sauti. Sauti ikaandikwa katika karatasi, na karatasi ikaenda kutoka meza hata meza. Katika muda huo wote magari yaliendelea kupita juu. Hapana aliyeweza kusema kwamba daraja halikuzungumza. Kilichokosekana ni lile jambo la tatu, yaani mkono wa kukirudisha chungu. Italia imejifunza. Mwaka 2020 ilitoa miongozo mipya ya kuyapanga madaraja kwa kadiri ya hatari yake na kuyachunguza, na daraja jipya la Genoa, lililofunguliwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo, limejengwa na vihisi vyake tangu siku ya kwanza. Ni mafunzo yaliyonunuliwa kwa bei kubwa.

Afrika ya Mashariki yaweza kuyapata mafunzo hayo bila kuilipa bei hiyo. Mwezi wa Aprili 2016 lilifunguliwa daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, lenye urefu wa mita 680, juu ya mkono wa bahari wa Kurasini. Mwezi wa Oktoba 2018, miezi miwili baada ya msiba wa Genoa, lilifunguliwa daraja jipya la Jinja, Uganda, lenye mita 525, juu ya mto Nile. Mwezi wa Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo hata Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, juu ya ghuba ya Mwanza, ambalo minara yake ni mifupi lakini kamba zake hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Yote ni madaraja ya kizazi kipya, yenye kamba nyingi zilizo wazi machoni, wala hayana ubaya ule wa Polcevera. Lakini umri wake ungali mdogo, nao ndio wakati ufaao wa kuijua sauti yake. Upepo wa chumvi wa Kigamboni hauna tofauti na upepo wa chumvi wa Genoa.

Nami sasa naweza kutoa sababu ya kulichagua neno kusikia. Katika Kiswahili kusikia si kazi ya sikio peke yake. Twasikia baridi, twasikia njaa, twasikia harufu, twasikia maumivu. Na vihisi navyo husikia joto, mkazo, mtikisiko na mlio. Hiyo ni maana ya kwanza. Lakini liko fungu la pili la maana, ambalo kihisi hakina. Mzazi akisema mtoto wake hasikii, hasemi kwamba ni kiziwi. Asema kwamba sauti humfikia wala hatendi. Mtu msikivu ni yule aambiwaye akafanya. Wahenga waliposema kwamba sikio la kufa halisikii dawa, walikuwa na maana hii ya pili. Kihisi chaweza kuhisi usiku na mchana, kikajaza vitabu kwa hesabu. Na daraja likawa bado halijasikiwa.

Kutoka kuhisi hata kusikia kuna safari, na safari hiyo hupita katika maneno. Mhandisi lazima aweze kumwambia msimamizi, msimamizi amwambie mwenye fedha, na mwenye mamlaka amwambie askari wa barabarani afunge njia, kila mmoja kwa maneno ambayo mwenziwe hawezi kuyaelewa vibaya. Ikiwa habari ya kamba iliyolegea itabaki katika lugha ya wachache, itafika kwa wengi siku ya kilio. Kwa hiyo mkazo, mtetemo, kutu, uchovu wa chuma na uzima wa daraja si maneno ya kupamba kamusi. Yapaswa kukubaliwa, kufundishwa katika vyuo vya ufundi, na kuandikwa katika taarifa zinazosomwa na watu wasiokuwa wahandisi. Watafiti wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hii, nayo si ndogo kuliko ya yule anayefunga kihisi juu ya kamba.

Mnunuzi wa chungu hufanya yote matatu peke yake, naye hayafikirii. Katika daraja kazi hiyo imegawanywa: mmoja hugonga, wa pili husikiliza, wa tatu huamua. Wakielewana, daraja litabaki zima, na watu watalivuka pasipo kulifikiria, kama ipasavyo.